Parashuti: kitambaa, kamba na daftari lake

Katika teritware za Masisi na Walikale, mlio wa avioni ao helikopta unafanya watu wainue macho. Upande wa Walikale, wakaaji wanakumbuka miaka ambapo avioni ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara ya lami kule Kilambo, zinapakia kasiterite ya Bisie na kurudi Goma. Ndege kutua barabarani, watu wamezoea. Parashuti, lakini, ni wachache waliowahi kuiona kwa karibu.

Hata hivyo kitu hiki si cha mbali vile. Kimeingia katika historia ya Kongo zaidi ya mara moja, na karibu miaka 30 iliyopita kilijadiliwa kama njia ya kulisha watu waliokuwa wamekimbilia katika misitu yetu. Tena, kuna parashuti ndogo zinazoanguka usiku wakati wa vita, na asubuhi watoto wanazikuta shambani. Ndiyo sababu ni vizuri kujua namna parashuti inavyofanya kazi, nini kinaiharibu, na kwa nini mafundi wake wanasema haifai kitu kama hakuna anayejua ilipitia wapi.

Namna inavyofanya kazi

Mtu akianguka kutoka juu bila kitu, mwendo wake unaongezeka mpaka kufikia karibu kilometa 200 kwa saa. Parashuti inakamata hewa na kupunguza mwendo huo. Mfano ni T-10, parashuti ya duara iliyotengenezwa Marekani na kutumiwa na majeshi mengi tangu miaka ya 1950. Kitambaa chake ni kipana karibu mita 10 na nusu, na inamshusha askari kwa mita 7 hivi kila sekunde. Ni kama mtu anayeruka kutoka juu ya ukuta wa mita 2 na nusu. Kwa hiyo hata parashuti ikifunguka vizuri, asiyejua kukunja magoti na kubiringika anaweza kuvunjika mguu.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Kuna kitambaa chembamba cha nailoni, kamba nyembamba zinazoshuka kutoka ukingoni mwake, mikanda inayomshika mrukaji mapajani, kifuani na mabegani, na mfuko wa mgongoni ambamo vyote vimekunjwa. Kisha kuna parashuti ya akiba, ile ya kufungua kama ya kwanza imekataa.

Namna za kuifungua ni mbili. Wanajeshi wengi wanatumia kamba inayobaki ndani ya ndege: ndoano yake inafungwa kwenye waya wa chuma, mtu akitoka kamba inakazika, inavuta mfuko, na parashuti inafunguka yenyewe. Wanaoruka kwa mchezo, kama vile watalii wanaoruka kule Diani kwenye pwani ya Kenya, wanaanguka kwanza kisha wanafungua kwa mkono. Parashuti zao ni za mstatili, zenye vyumba vinavyojaa hewa kama mto wa kulalia, na mrukaji anaweza kuziongoza kushoto ao kulia.

Katika mchezo huo vifaa vitatu vimeokoa watu wengi. Cha kwanza ni kitambaa kidogo kinachoteleza juu ya kamba ili parashuti isifunguke kwa kishindo kikubwa. Cha pili ni pete tatu za chuma zinazopishana begani, ambazo Mmarekani Bill Booth alizibuni katika miaka ya 1970. Parashuti kuu ikisokotana, mrukaji anavuta kishikio kimoja, pete zinaachiana, parashuti mbovu inakwenda zake na ile ya akiba inapata nafasi. Cha tatu ni mashine ndogo yenye kompyuta. Ile inayojulikana sana, Cypres ya Ujerumani, ilitoka mwaka wa 1991. Mtu akiwa bado anaanguka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde huku amebakiza mita 225 hivi kufika chini, inakata uzi unaofunga parashuti ya akiba. Hata aliyezimia anaweza kuokoka.

Kongo na parashuti: Kisangani na Kolwezi

Jina CETA linajulikana sana Kinshasa. Ni kambi ya Ndjili, ambapo paratruupa wa Kongo walifundishwa kuruka. Waisraeli walisaidia kuanzisha mafunzo hayo katika miaka ya 1960, na Mobutu mwenyewe alikwenda Israeli mwaka wa 1963 kufuata mafunzo ya kuruka, akarudi na beji yake kifuani.

Tarehe 24 Novemba 1964, asubuhi na mapema, ndege 5 za C-130 za Marekani zilipita juu ya uwanja wa Simi-Simi kule Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Parakomando wa Ubelgiji wapatao 320, wakiongozwa na Kanali Charles Laurent, waliruka kutoka karibu mita 200. Siku mbili baadaye wenzao waliruka Paulis, ambayo leo inaitwa Isiro. Kusudi lilikuwa kuwakomboa wageni walioshikwa na waasi Simba. Siasa ya operesheni hiyo inabishaniwa mpaka leo, na Wakongo wengi mno walikufa katika vita ile bila majina yao kuandikwa popote.

Kwa upande wa vifaa, Kisangani inaonyesha jambo moja. Kutoka mita 200, mtu ambaye parashuti yake imekataa anabaki na sekunde 7 hivi tu. Parashuti kuu yenyewe inatumia sekunde 3 ao 4 kufunguka. Kwa hiyo mbele ya kugundua kwamba kuna shida, nusu ya wakati imekwisha. Parashuti ya akiba ipo, ndiyo, lakini mtu hawezi kuitegemea sana. Usalama wake ulikwisha kuamuliwa chini, juu ya meza, na yule aliyekunja.

Kolwezi ni somo la pili. Mwezi wa 5 mwaka wa 1978, waasi waliotoka Angola waliuteka mji huo wa migodi. Zaire ilijaribu kushusha kikosi kidogo cha paratruupa wake, nacho kikapata hasara kubwa. Tarehe 19 Mei, askari wa Ufaransa wa kikosi cha 2e REP, wakiongozwa na Kanali Philippe Erulin, waliruka mchana. Wa kwanza walikuwa karibu 400.

Askari hao walifika Kinshasa bila parashuti zao. Walipewa T-10 za Kimarekani zilizokuwa katika ghala za jeshi la Zaire. Parashuti zilikuwa nzuri, lakini mifuko ya Kifaransa ya kubebea silaha na risasi haikuoana na ndoano za mikanda ya Kimarekani. Mafundi na askari walikesha wakitafuta namna ya kufunga, wengine wakitumia waya. Wengi walikuwa hawajawahi kuruka na T-10. Ndege nazo hazikutosha, wakasongamana ndani kuliko kawaida.

Waliruka, na walio wengi walifika chini wazima. Lakini kila fundi wa parashuti anayesoma habari ya Kolwezi anatikisa kichwa. Kifaa kizuri kikiunganishwa na kifaa kingine kizuri kisichooana nacho, vyote viwili vinaweza kuwa vibaya. Mfuko unaoning'inia vibaya unaweza kukamata kamba, ao kumgeuza mtu wakati anapotoka mlangoni. Siku ile bahati ilisaidia, na hakuna fundi anayeandika bahati katika daftari lake la kazi.

Fundi na daftari lake

Kazi ya kukunja parashuti inaomba nafasi safi, meza ndefu na utulivu. Fundi ananyoosha kitambaa chote na kukikagua kipande kwa kipande mbele ya mwangaza, akitafuta tundu, doa, ao mshono ulioachia. Anahesabu kamba na kuhakikisha hazikupishana. Anakunja kwa mpango uleule kila mara, maana kila mkunjo una kazi yake katika kufunguka. Mwisho anahesabu vifaa vyake vya kazi. Kama koleo ao uzito wa kushikilia kitambaa haupo mezani, basi huenda umebaki ndani ya mfuko, na parashuti inafunguliwa tena yote.

Kule Marekani, sheria inaomba parashuti ya akiba ya mrukaji wa mchezo ifunguliwe, ikaguliwe na kukunjwa upya na fundi mwenye cheti kila siku 180. Mbele ya mwaka wa 2008 ilikuwa siku 120. Akimaliza, fundi anafunga uzi mwembamba mwekundu na kuubana kwa kipande kidogo cha madini ya risasi chenye alama yake. Uzi ukiwa umekatika, hakuna anayeruka. Tena anaandika katika kadi inayobaki na parashuti hiyo: tarehe, kazi aliyofanya, jina lake na namba yake.

Kadi hiyo ndiyo daftari la parashuti. Inasema ilitengenezwa lini, imekunjwa mara ngapi, nani aliigusa, imewahi kushonwa wapi. Ikipotea, parashuti inawekwa kando, hata kama kwa macho inaonekana mpya. Katika jeshi la Marekani mafundi wa kukunja ni warukaji pia, na wanaweza kuamriwa wakati wowote kuruka na parashuti waliyoikunja wao wenyewe. Hakuna ukaguzi unaoshinda huo.

Nao warukaji hawaachi kila kitu kwa fundi. Mbele ya kupanda ndege, kila mmoja anamkagua mwenzake: mikanda, ndoano, kamba ya mgongoni. Sababu ni rahisi, hakuna mtu anayeona mgongo wake mwenyewe.

Maadui wa nailoni

Zamani parashuti zilishonwa kwa hariri. Wakati wa vita kuu ya pili, hariri kutoka Japani ilipokatika, nailoni ikachukua nafasi. Nailoni ni nyepesi, ina nguvu na haiozi upesi. Lakini ina maadui wake, na maadui haohao wako hapa kwetu.

Wa kwanza ni jua. Mwanga wa jua unaivunja nailoni polepole, kuanzia ndani ya nyuzi. Kitambaa kilichoachwa nje miezi kadhaa kinaweza kuonekana kizima, pengine rangi tu imefifia, kumbe nguvu imekwisha.

Wa pili ni asidi. Maji ya betri ya gari ao ya sola yakidondoka juu ya nailoni, yanaila. Katikati ya miaka ya 1980 mafundi wa Marekani waligundua kwamba wavu mdogo ulioshonwa katika parashuti fulani za akiba ulikuwa na asidi. Asidi ilihamia kwenye kitambaa kilichokunjwa pamoja nao. Parashuti ambazo hazijawahi kutumiwa hata mara moja zilichanika kwa kuvutwa na vidole. Ikabidi kila moja ipimwe kwa dawa inayobadilisha rangi ikikuta asidi.

Wa tatu ni msuguano na joto. Nailoni ikisuguana na nailoni kwa kasi inayeyuka. Kamba moja ikipita juu ya nyingine wakati wa kufunguka, inaweza kuikata kama kisu cha moto.

Wa nne ni unyevu. Nailoni iliyolowa inapungukiwa nguvu kidogo, na ikikunjwa ikiwa mbichi inapata ukungu, hata chuma cha ndoano kinashika kutu. Katika milima ya Masisi, ambako mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na katika msitu wa Walikale, ghala la kawaida halitoshi. Inaomba mahali pakavu, penye kivuli, mbali na sakafu, mbali na panya, mafuta na betri.

Mambo haya hayahusu warukaji peke yao. Kamba na mikanda ya nailoni inatumika kufunga mizigo juu ya lori, juu ya pikipiki ya motari na juu ya chukudu. Wachimbaji wadogo nao wanashuka kwenye mashimo kwa kamba. Sheria ni ileile: kamba iliyokaa juani sana, iliyoguswa na maji ya betri, iliyoyeyuka sehemu fulani ao kukwaruzwa na mawe, isimbebe mtu. Fundo nalo linapunguza nguvu ya kamba, mara nyingi karibu nusu. Kamba ya zamani inaweza kufunga magunia, lakini uhai wa mtu usitundikwe juu yake.

Parashuti za mizigo: chakula kutoka juu

Novemba 1996, vita ilipovunja kambi za wakimbizi Wanyarwanda karibu na Goma, wengi walirudi Rwanda. Wengine walikimbilia magharibi, wakapita Masisi na Walikale mpaka Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Tarehe 15 Novemba, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1080 la kutuma kikosi cha mataifa mbalimbali, kikiongozwa na Jenerali Maurice Baril wa Canada. Katika mipango iliyojadiliwa kulikuwa wazo la kudondosha chakula kwa ndege. Halikutekelezwa. Kikosi kilifungwa mwisho wa mwaka, na watu waliokuwa msituni wakabaki na njaa yao.

Wazo lile linarudi kila barabara zinapofungwa, ndiyo maana inafaa kujua ugumu wake. Parashuti kubwa ya mizigo, kama ile inayoitwa G-12, inabeba tani moja hivi. Ikifunguka vizuri, mzigo bado unagonga ardhi kwa nguvu, na chini yake wanaweka makaratasi mazito yenye vyumba kama sega la nyuki ili kupunguza kishindo. Ikikataa, tani moja inaanguka kama jiwe.

Februari 2016, Shirika la Chakula Duniani, PAM, lilijaribu kudondosha chakula kwa parashuti kutoka juu sana katika mji wa Deir ez-Zor, Syria. Kati ya mizigo 21, 4 iliharibika, 7 iliangukia mahali pasipofikika, na 10 haikujulikana ilikwenda wapi. Shirika lilirudi kupima upya upepo, parashuti na urefu wa kudondosha, na kuanzia mwezi wa 4 kazi ikaenda vizuri kwa zaidi ya mwaka. Kule Gaza, tarehe 8 Machi 2024, maafisa wa afya walitangaza kwamba watu 5 waliuawa na mzigo wa msaada ambao parashuti yake haikufunguka.

Kuna namna nyingine pia. Sudan Kusini, PAM inadondosha magunia ya nafaka bila parashuti yoyote, yakiwa ndani ya magunia mengine ili yakipasuka chakula kisimwagike. Lakini lazima uwanja uwe mtupu na timu iwe chini kuwazuia watu. Jirani kabisa na sisi, Rwanda, droni za Zipline zinapeleka damu na dawa hospitalini tangu Oktoba 2016 kutoka Muhanga. Kifurushi kinashuka kwa parashuti ndogo ya karatasi. Hapo uzito ni mdogo na mahali pa kuangukia panajulikana.

Katika mifano yote, kinacholinda watu ni mpango wa chini: uwanja uliopimwa, raia waliojulishwa, na mtu anayehesabu mizigo.

Parashuti ndogo za usiku

Hii ndiyo sehemu inayogusa zaidi familia za Masisi na Walikale. Wakati wa vita, majeshi yanaweza kupiga makombora ya mwangaza. Kombora linapasuka juu, na linatoa kitu kinachowaka sana kikining'inia chini ya parashuti ndogo, ili kumulika kijiji ao kilima. Asubuhi kitambaa hicho kinaweza kukutwa shambani ao juu ya mgomba. Ni cheupe, ni laini, na mtoto anaona mchezo.

Kama kitu kile hakikuwaka chote, kinaweza kuwaka mikononi kwa moto mkali ambao maji hayauzimi kirahisi. Na pale kilipoanguka, huenda kuna vingine ambavyo havikulipuka. Kwa hiyo:

– Usiguse parashuti usiyojua imetoka wapi, iwe kubwa ao ndogo. Usivute kamba zake kuona nini kimefungwa mwishoni.
– Waondoe watoto na mifugo. Rudi kwa njia ileile uliyokuja nayo.
– Weka alama kwa mbali, kwa mfano miti miwili iliyopishana ao mawe, bila kukaribia.
– Mjulishe shefu wa kijiji ao wajitolea wa Msalaba Mwekundu, ili habari ifikie wenye ujuzi wa kutegua. Kituo cha Kongo cha kupambana na mabomu, CCLAM, na UNMAS ya Umoja wa Mataifa ndio wanaohusika na kazi hiyo.
– Ukiona mizigo inashushwa kwa parashuti, usikimbilie chini yake. Ngoja ya mwisho ifike ardhini na kitambaa kilale. Upepo unaweza kukijaza tena na kuburuza mzigo pamoja na mtu.
– Usitumie kitambaa ao mikanda yake kubebea mtoto, kushukia shimoni ao kufungia bembea.

Katika maghala, fundi anaweka kando parashuti isiyo na kadi, haijalishi ilinunuliwa kwa pesa ngapi. Ile inayokutwa shambani haina kadi, haina uzi mwekundu, haina jina la aliyeikunja. Mama anayemwita mtoto arudi nyuma, asiiguse mpaka ijulikane imetoka wapi, anafuata sheria ileile ya fundi.